Kati ya Tamaa na Kukata Tamaa: Nafsi, Matamanio na Imani katika Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona na Rosa Mistika

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna fasihi ya Kiswahili inavyolishughulikia suala la muumini kuyapatanisha matamanio ya nafsi yake na mafundisho ya dini yake. Kazi tatu zinachunguzwa: Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Uhakiki unaanzia katika msamiati wa matamanio na katika dhana ya nafsi, neno ambalo katika Kiswahili hutaja kiini cha mtu na wakati huohuo hutaja mshiriki wa mazungumzo katika sarufi. Hoja kuu ni kwamba imani huyaongoza matamanio pale inaposemezana nayo, na huyapoteza pale inapoyanyamazisha. Kwa hiyo Rosa Mistika, riwaya ambayo imewahi kutuhumiwa kuwa inakiuka maadili, inaendeleza swali lilelile la tendi za kidini za pwani. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uteuzi na ufundishaji wa vitabu vya fasihi katika nchi za Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzitenga kazi zinazogusa dini katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la tendi na mashairi ya kidini ya pwani, ambayo husomwa kama hazina ya mawaidha. Kundi la pili ni la riwaya zilizoandikwa baada ya uhuru, ambazo husomwa kama ukosoaji wa jamii, dini ikiwa mojawapo ya taasisi zinazokosolewa. Mgawanyo huu unamsaidia mwalimu kupanga vipindi vyake, lakini una gharama. Unamfanya msomaji aamini kwamba mshairi wa Pate na mwandishi wa Ukerewe walikuwa wakishughulikia mambo mawili tofauti.

Makala hii inashikilia kwamba jambo lilikuwa moja. Binadamu anataka, dini inamwambia ataka nini na ataka vipi, naye yumo katikati, akijaribu kuishi pasipo kumkana Mungu wake wala kuikana nafsi yake. Swali hili halina dhehebu. Katika Uislamu, mafundisho kuhusu nafsi huitaja nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi yenye kujilaumu na nafsi iliyotulia, istilahi zinazotokana na sura za Yusuf, Al-Qiyama na Al-Fajr. Katika Ukristo, Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, aliyafanya matamanio yake mwenyewe kuwa kiini cha maungamo yake. Alifundisha kwamba tatizo la binadamu haliko katika kupenda kwenyewe, bali katika kupenda pasipo utaratibu. Mapokeo yote mawili hayamtaki muumini asiwe na matamanio. Yanamtaka ayajue, ayahoji na kuyaelekeza.

Swali la makala hii, basi, ni la kihakiki: kazi hizi tatu zinaonyesha upatanisho huo ukifanyika kwa njia gani, na unapovunjika, unavunjikia wapi? Jibu lina uzito nje ya uhakiki pia. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nchi zinazopanua ufundishaji wa lugha hii zitahitaji vitabu vya fasihi, na kila orodha ya vitabu ni uamuzi kuhusu mambo ambayo kijana anaruhusiwa kuyasoma juu ya nafsi yake.

2.0 Msamiati wa Matamanio na Dhana ya Nafsi

Kiswahili hakina neno moja lisiloegemea upande wowote la kutajia matamanio. Kila neno huja na hukumu yake. Uchu ni wa kulaumiwa, na aghalabu huhusishwa na ulafi. Hawaa, neno la kwenye mimbari, hutaja mivuto ya nafsi inayomtoa mtu katika njia. Ashiki ni mapenzi yaliyomshika mtu. Shauku yaweza kusifiwa, hasa ikiwa ni ya elimu au ya kumwona mpendwa. Hamu, ambayo asili yake ya Kiarabu hubeba maana ya huzuni na wasiwasi, leo ni kutaka kwa upole kusikomdhuru mtu. Kwa hiyo mzungumzaji anayeeleza anachokitaka mtu fulani amekwisha kumhukumu kabla sentensi haijafika mwisho. Kusema kwamba binti ana hamu ya kusoma na tamaa ya kuvaa ni kumgawa mtu mmoja mafungu mawili, moja la kusifiwa na moja la kukemewa.

Neno lenye mafunzo zaidi ni tamaa. Katika matumizi ya kawaida tamaa ni kasoro. Mwenye tamaa haaminiki, na methali ya tamaa mbele, mauti nyuma inajulikana hata kwa watoto. Hata hivyo, lugha hiihii ina nahau ya kukata tamaa, na hapo hukumu inageuka. Aliyekata tamaa hasifiwi kwa kuishinda kasoro. Anahurumiwa kwa kuwa amepoteza tumaini. Aya ya 53 ya sura Az-Zumar, inayowakataza waja waliojidhulumu nafsi zao kukosa tumaini la rehema ya Mwenyezi Mungu, hufafanuliwa katika mawaidha ya Kiswahili kwa nahau hiyohiyo. Muumini anaonywa asiwe na tamaa, na anaonywa asikate tamaa. Mafundisho haya mawili hayapingani. Yanaashiria kwamba katika Kiswahili tamaa na tumaini hukua katika shina moja, na kwamba mwenye panga asiyetazama anapokata aweza kuliua shina zima.

Neno la pili la msingi ni nafsi. Katika lugha ya dini, nafsi ni kile kinachotaka, kinachojilaumu na kitakachohesabiwa. Katika sarufi, nafsi ni mshiriki wa mazungumzo: wa kwanza anayesema, wa pili anayeambiwa na wa tatu anayesemwa. Ulinganifu huu ni wa istilahi, na makala hii haidai kwamba wanasarufi walikusudia theolojia. Lakini unatupa chombo cha uhakiki. Tunaweza kuiuliza kazi yoyote ya fasihi: nafsi yenye matamanio imewekwa katika nafsi ipi ya kisarufi? Je, inasema, inasemezwa, au inasemwa tu?

3.0 Al-Inkishafi: Moyo kama Nafsi ya Pili

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya Pate ilipokuwa imekwisha. Utungo huu hukumbukwa zaidi kwa picha za majumba ya matajiri: taa zilizowaka, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika zidaka, mabwana waliopepewa wakalala, kisha popo, buibui na magofu. Kwa sababu ya picha hizo, utungo hufundishwa kama onyo juu ya upitaji wa dunia. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujauliza onyo linatolewa kwa nani.

Linatolewa kwa moyo wa mshairi mwenyewe. Mshairi anauita moyo wake, anauuliza kwa nini umeing'ang'ania dunia, anauletea mifano ya bahari iliyochafuka na ya mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu, kisha anautaka uzingatie. Moyo umewekwa katika nafsi ya pili. Haukatwi wala haufungwi. Unapewa hoja, na hoja hutolewa kwa yule tu anayedhaniwa kuwa anaweza kuelewa. Mshairi aliyeamini kwamba matamanio yake ni uovu mtupu asingekuwa na sababu ya kuyaletea mifano. Ingetosha kuomba yaondolewe.

Zaidi ya hayo, mshairi hafichi kwamba dunia inavutia. Beti za majumba ya Pate zimetungwa na mtu aliyeuona uzuri huo na kuupenda. Endapo vitu hivyo vingekuwa havina thamani, kuharibika kwake kusingeumiza, na msomaji asingekuwa na la kuomboleza. Utungo unafanya kazi kwa sababu unakiri matamanio kwanza, ndipo unapoyauliza yataishia wapi. Huo ndio utaratibu wa upatanisho katika kazi hii: kukiri, kuhoji, kuelekeza.

Pamoja na ubora huo, utungo una mipaka inayostahili kutajwa. Moyo unaosemezwa ni wa mwanamume msomi mwenye nasaba, na matamanio yanayohojiwa ni ya mali, cheo na starehe za walionacho. Watumishi waliowapepea mabwana wamo katika utungo, lakini mioyo yao haisemezwi. Wao ni sehemu ya fahari inayopita. Vilevile, hoja yenye nguvu zaidi katika utungo ni kaburi na adhabu zinazofuata. Hoja hiyo inamfaa mtu mzima aliyekwisha kuishi na sasa anatazama nyuma. Kijana ambaye maisha yake bado yako mbele anahitaji lugha nyingine ya kumwelekeza, na lugha hiyo haimo humu.

4.0 Utendi wa Mwana Kupona: Mama Anapomsemeza Binti

Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Uhakiki wa kisasa, hasa ule wa mtazamo wa kifeministi, umeukosoa utendi huu kwa kumfundisha mwanamke utiifu kwa mume kiasi cha kuiweka radhi ya mume pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume na ya wazazi. Ukosoaji huo una msingi, na makala hii haina haja ya kuupinga.

Hata hivyo, upo upande ambao ukosoaji huo haujaupa nafasi ya kutosha. Utendi unamweka binti katika nafsi ya pili tangu mwanzo. Mama anamwita akae karibu, alete wino na karatasi, asikilize. Na katika yale anayomwambia, mwili haukufichwa. Nywele, hina, manukato, mapambo ya mikono na harufu nzuri ya chumba vyote vimetajwa kama mambo yanayompasa mwanamke mcha Mungu. Matamanio hayakuwekwa kinyume cha ibada. Yamepewa mahali ndani ya maisha yanayotafuta radhi. Tunaweza kukataa mahali yalipowekwa, yaani ndani ya mamlaka ya mume peke yake, lakini hatuwezi kudai kwamba mama alinyamaza.

Dhana ya radhi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa jicho la mofolojia. Kitenzi ridhi huzaa ridhisha, ambapo mmoja anamfanyia mwenzake, na ridhiana, ambapo wote wawili wanapeana. Mafundisho ya utendi huu, binti anapoelekezwa kwa mume, yanaegemea mno upande wa kuridhisha. Matamanio ya binti yanatajwa kwa sura ya yale atakayomfanyia mwingine. Yale anayoyataka yeye mwenyewe hayaulizwi. Kwa hiyo utendi unapiga hatua moja zaidi ya Al-Inkishafi, kwa kumsemeza kijana na kuutaja mwili, na unasimama kabla ya hatua inayofuata, ambayo ni kumsikiliza. Binti anaambiwa mengi, lakini hatuambiwi alijibu nini.

5.0 Rosa Mistika: Nafsi Isiyosemezwa

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Alikulia katika mazingira ya Kikatoliki, na jina la riwaya yake ya kwanza linatoka moja kwa moja katika ibada: Waridi lenye Fumbo ni miongoni mwa sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Kumpa jina hilo msichana ambaye maisha yake yataishia katika kutoa mimba na kujiua kulitosha kuwaudhi wasomaji wengi. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda, ingawa baadaye ilikubalika na kusomwa kwa mapana.

Usomaji wa riwaya hii umeelekea pande mbili. Upande mmoja huona kwamba inaonyesha dini ikishindwa kumlinda kijana katika jamii inayobadilika. Upande mwingine huona kwamba inaonya juu ya malezi makali ya mzazi. Usomaji wa kwanza unaipa dini lawama ambayo riwaya haikuipa yote. Wa pili unaishusha kazi kubwa hadi kuwa nasaha kwa wazazi. Makala hii inapendekeza usomaji wa tatu, unaotokana na swali tuliloliuliza kuhusu nafsi.

Tufuatilie ni nani anayemsemeza Rosa. Zakaria, baba yake, mwalimu wa zamani aliyezama katika ulevi, anajua kwamba binti anavunja ungo na anaogopa aibu. Charles anamwandikia Rosa barua. Barua hiyo, kwa unyenyekevu wake wote, ni mahali ambapo Rosa anawekwa katika nafsi ya pili na mtu anayeyahesabu matamanio yake kuwa kitu. Baba anaikamata na kumpiga. Adhabu hiyo haikufuatiwa na maneno. Zakaria hamwambii bintiye kwa nini kupendwa ni hatari, kunaweza kuwa kwema lini, wala afanye nini na kile anachokihisi. Kiimbo chake pekee ni amri, na amri, ijapokuwa kisarufi ni ya nafsi ya pili, haimpi anayeambiwa nafasi ya kujibu.

Shule ya wasichana inayoendeshwa na watawa inaendeleza ukimya huo kwa njia ya upole zaidi. Rosa anakuwa mwanafunzi mwema. Anawaepuka wavulana, na jamii inausoma woga wake kama uchaji. Hapa ndipo riwaya inapofikia uchunguzi wake mkali kuliko wote: utiifu unaozaliwa na fimbo unaweza kufanana kabisa na wema unaozaliwa na imani, hata mwenye nao asijue tofauti. Tofauti hujitokeza ua unapoondolewa. Chuoni Morogoro hakuna baba wala watawa, na Rosa hana chochote ndani yake cha kushauriana nacho. Matamanio yaliyozuiwa kwa miaka hayakuwa yamefundishwa njia. Yalikuwa yamefungiwa tu. Mlango ulipofunguka yalitoka kwa kasi ya kitu kilichofungiwa.

Msomaji anayelinganisha ataona kwamba Rosa hapitii hata moja ya hatua tatu za Al-Inkishafi kwa hiari yake. Hakuwahi kukiri, kwa kuwa kukiri kungeleta kipigo. Hakuwahi kuhoji, kwa kuwa hakupewa msamiati wa kuhojia. Na hakuwahi kuelekeza, kwa kuwa aliyaona matamanio yake kuwa na hali mbili tu: kukatwa au kuachwa. Anapokuja mchumba na kuonekana kwamba ndoa inaweza kuyapa matamanio hayo mahali, jamii inamrudia kwa kipimo chake cha zamani. Mwili wake unahukumiwa kwa yaliyopita, na mchumba anajitoa. Rosa anajiua.

Nahau tuliyoichunguza hapo awali inapata hapa maana yake kamili. Baba alitaka kuikata tamaa ya binti, kwa maana ya kwanza ya neno. Alichofanikiwa kukikata ni tamaa kwa maana ya pili. Binti aliyefundishwa kwamba kila kutaka kwake ni uovu hakubakiwa na namna ya kutaka msamaha, kwa sababu nako huko ni kutaka. Kwa mtazamo wa dini yenyewe, Katoliki au Kiislamu, hili ndilo anguko lililo kubwa zaidi. Makosa ya Morogoro yalikuwa na toba. Kukata tamaa kulimwondolea njia ya kuifikia toba hiyo.

Sura ya mwisho inawakutanisha baba na binti mbele ya Mungu kwa mfano wa mahakama, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Wahakiki wamejadili sana haki ya mashtaka hayo. Jambo linaloihusu makala hii ni dogo zaidi na la mwanzo zaidi: kwamba hayo ni mazungumzo. Huko ndiko Rosa anakompa baba yake jibu kamili, na baba analazimika kusikiliza. Kezilahabi hakumwondoa Mungu katika riwaya yake. Alimfanya Mungu kuwa mwenye baraza ambalo nyumba ya Zakaria haikuwa nalo. Mwandishi aliyetaka kusema kwamba imani haina maana asingehitaji baraza hilo.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza yaweza kutolewa na msomaji wa kidini: je, kuyasemeza matamanio si kuyahalalisha? Al-Inkishafi ni jibu tosha. Mshairi anausemeza moyo wake kwa beti nyingi na mwishoni hajauruhusu ung'ang'anie dunia. Kusemezana ni sharti la kukataa kwenye maana, kwa sababu mtu hawezi kukataa kwa hiari kitu ambacho hajakiri kwamba anakitaka. Hata funga ya Ramadhani na ya Kwaresima ina maana kwa sababu mfungaji anaijua njaa yake na kuiita kwa jina lake.

Pingamizi ya pili yaweza kutolewa na mhakiki wa jamii: je, usomaji huu hauusahau uchumi na mamlaka ya mwanamume? Mkuu wa chuo anayemtumia mwanafunzi, mshahara wa familia unaoishia kilabuni, na mchumba anayedai ubikira asioulizwa yeye ni mambo ya mamlaka, wala hayawezi kutibiwa kwa mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Pingamizi hii ni ya kweli kwa sehemu. Hata hivyo, ukimya ni chombo cha mamlaka hayohayo. Msichana asiye na maneno ya kutaja anachokitaka hana pia maneno ya kutaja asichokitaka, na mkuu wa chuo ananufaika kwa mapungufu yote mawili. Kumpa kijana msamiati wa nafsi yake hakumalizi dhuluma, lakini kunaiondolea dhuluma maficho.

7.0 Athari kwa Uteuzi na Ufundishaji wa Vitabu

Uhakiki huu una mambo manne ya kuwaambia washauri wa sera.

Kwanza, kigezo cha maadili katika kuteua vitabu kisipimwe kwa matukio yaliyomo bali kwa namna kazi inavyoyatazama. Kitabu kinachoonyesha dhambi pamoja na njia iliyoifikisha kina maadili zaidi ya kitabu kinachoorodhesha makatazo. Vitabu vitakatifu vyenyewe havikuyaficha matamanio ya Daudi wala majaribu ya Yusufu.

Pili, tendi za kale na riwaya za kisasa zifundishwe kwa jozi. Al-Inkishafi na Rosa Mistika zikisomwa pamoja, mwanafunzi Mwislamu na Mkristo wanaukuta mjadala mmoja katika lugha moja. Katika nchi ambazo Kiswahili kinafundishwa kwa wanafunzi wa dini mbalimbali, jozi ya namna hiyo inafanya kazi ambayo somo la dini, linalowatenganisha wanafunzi kwa madhehebu, haliwezi kuifanya.

Tatu, maswali ya mitihani yabadilike. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje mafunzo matano ya kazi linamfundisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Swali linalomtaka aeleze mhusika alitaka nini, alimwambia nani, na alijibiwa vipi linamfundisha kusoma, na pengine linamfundisha kuishi na wenzake.

Nne, viongozi wa dini washirikishwe kama wasomaji kabla kitabu hakijaingia darasani, wasingojwe kuja kama walalamikaji baadaye. Tanzania ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule rasmi, ilifungua mlango ambao Rosa na wa kizazi chake hawakuwa nao. Lakini kurudi darasani ni nusu ya safari. Msichana anayerudi anahitaji jamii ya waumini inayojua kumwambia neno lililo zaidi ya aibu, na neno hilo halitungwi na wizara. Hutungwa na wazazi, mashehe, mapadri na walimu, nao watalipata kwa wepesi zaidi ikiwa wamesoma fasihi inayolitafuta.

8.0 Hitimisho

Kazi tatu tulizozihakiki zimetenganishwa na zaidi ya karne moja, na dini mbili, na bara na pwani. Zinakutana katika swali la mtu anayetaka kuamini bila kuacha kuwa mtu. Sayyid Abdalla aliusemeza moyo wake akaufundisha. Mwana Kupona alimsemeza binti yake, ingawa hakumwuliza. Zakaria hakusemezana na mtu, na Kezilahabi alituonyesha hesabu ya ukimya huo hadi tarakimu ya mwisho. Msomaji anayejiuliza kama matamanio yake yanaweza kukaa pamoja na imani yake hapewi na kazi hizi orodha ya yanayoruhusiwa. Anapewa mahali pa kuanzia: ayataje matamanio hayo kwa majina yake, mbele ya Mungu wake na mbele ya mtu atakayemjibu. Tamaa iliyotajwa inaweza kufundishwa. Iliyokatwa gizani hukatwa pamoja na tumaini.